Goti la Nekoye

Ashley, unakumbuka Nekoye alipoanguka mazoezini, goti likalia ka! kama kuni kavu?

Leo ndio ameonwa na daktari. LEO. Wiki sita!

Daktari akamuuliza, "Nani alikuambia uendelee kukimbia?" Nekoye akageuka kuangalia nyuma. Kocha Wahome amesimama hapo mlangoni. Huyo huyo aliyekuwa akimkanda goti kila asubuhi kwa maji moto, eti "ni mshipa tu umeshtuka."

Mshipa! Ligamenti, ile kano inayoshika goti, imekatika kabisa, na hizo mbio zimesaga gegedu, ule mto laini kati ya mifupa. Sasa ni operesheni, halafu mwaka mzima bila kukimbia.

Na unajua kocha alisema nini? "Si angeniambia inauma."

Inauma! Ashley, alikuwa analia kila asubuhi akikandwa. Huku kocha akituambia timu nzima tumpigie makofi avumilie.

Na tulipiga.