Matuta ya Theluji

Mama Nekesa wangu,

Usicheke, lakini leo nimelima theluji.

Jirani wa binti yetu hapa Coon Rapids ni mzee mmoja mwenye katrekta kadogo kenye bamba la chuma mbele, la kusukumia theluji. Asubuhi nilimpelekea chai ya maziwa na mandazi, nikamwambia nimeendesha trekta Kitale miaka yote. Akashuka, akanipisha kwenye kiti.

Njia ya gari ya Nekesa ina mteremko. Basi nikafanya kama shambani kwetu, nikapiga matuta ya theluji kukatiza njia, kama yale ya kuzuia udongo usibebwe na mvua. Yalinyooka vizuri sana! Kugeuka, namwona Nekesa mlangoni na sare zake za hospitali.

"Daddy, nitachelewa shifti! Gari litapita wapi?"

Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika. Akapanda, akayasukuma matuta yangu yote pembeni, binti akaenda kazini.

Nilipomwomba mzee radhi, aliniambia yeye huisafisha njia hiyo kila theluji ikianguka, tangu mwaka ule Nekesa alipofika.

"Nilimwona anahangaika na koleo peke yake," akasema. "Hakuwa hata na glavu."

Ukisali leo, mtaje na yeye. Miaka yote umepiga magoti ukiomba mtoto wetu apate mtu wa kumwangalia huku, kumbe mtu alikuwa ameshawasha trekta.

Kaa salama, mama.

Wako,
Baba Nekesa