Kalibu ya Fremu ya Ndege

Chapwa, Tunduma
4 Machi 2024

Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na mvua hazijaharibu mteremko wa mahindi. Huku tu wazima, tunakula vumbi la malori tu.

Mzee Sebastian, bosi wangu hapa gereji, amenunua ndege. Usicheke. Ni ya watu wawili, imekuja vipande vipande kwenye makasha, mwenye nayo anaiunganisha mwenyewe. Njiani kasha moja lililaliwa na mzigo mwingine, fremu kuu ikakunjamana. Fremu ni bamba la alumini linalokaa mkingamo ndani ya kiwiliwili cha ndege, kama pingili ndani ya mwanzi. Bila hiyo kiwiliwili hubonyea. Kiwandani wanasema tusubiri nyingine mwaka mzima. Kuna mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anataka kununua makasha yote, na Mzee amechoka kutaniwa na madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani: "Rubani, tushushe Kapiri."

Nimemwambia nitaitengeneza mimi. Akaniangalia sana. Akasema, "Mkaguzi wa ndege akiikubali, kazi yote ya kiwiliwili ni yako. Akiikataa nauza, nawe urudi kunyoosha mabampa."

Naomba unitengenezee kalibu ya mbao ngumu. Bati litabanwa juu yake, nami nitagonga ukingo wake ujikunje, hilo pindo lishuke ubavuni mwa kalibu. Mchoro ni huu. Ufuate ulivyo.

Mwanao,
Gwantwa

Itumba, Ileje
19 Machi 2024

Mwanangu Gwantwa,
Marahaba. Kifua kinakohoa asubuhi tu, mchana kinasahau. Kalibu hiyo hapo, nimemwambia kondakta wa basi ailaze, asiisimamishe. Ni mninga uliobaki tulipotengeneza mimbari ya kanisa.

Mchoro wako ulikuwa na kosa. Ubavu umeuchora ukiingia ndani. Nimeurekebisha, sasa skwea yangu ya kupimia pembe inakaa na mwanga haupenyi.

Mama yako anauliza kama ndege hiyo ina choo.

Baba yako,
Yesaya

Chapwa
25 Machi 2024

Baba,
Shikamoo, na pole na kikohozi. Mwambie mama haina, abiria ajipange mapema.

Kalibu ni nzuri kuliko kitu chochote kilicho kwenye gereji hii. Lakini baba, halikuwa kosa. Nimegonga bati la kwanza, na nilipotoa nyundo pindo likafunguka nje. Alumini ni kama fito mbichi: ukiikunja na kuiachia, inarudi kidogo. Kalibu lazima ipitilize ndani, ili bati likirudi lisimame wima. Lile la kwanza limeharibika. Limebaki moja, na mkaguzi anafika tarehe ishirini Aprili.

Nairudisha kalibu kwa kondakta yuleyule; naomba upige randa ubavu uingie ndani digrii tano. Najua ninachokuomba. Hakuna aliyewahi kuona kitu kilichokwenda upande kikitoka kwenye karakana yako.

Mwanao,
Gwantwa

Chapwa
9 Aprili 2024

Baba,
Shikamoo. Sijui hali zenu, maana hujajibu. Kondakta anaapa kalibu alikukabidhi mkononi. Kama umekasirika, kasirika, ila piga randa. Ningempa fundi wa hapa, lakini wa hapa wanatengeneza vitanda vinavyoyumba kabla mtu hajalala.

Gwantwa wako

Itumba
14 Aprili 2024

Mwanangu,
Marahaba. Wazima wote. Hasira ilikuwepo, sikatai.

Kalibu ilikaa mezani siku nyingi. Nilipoanza kuuinamisha ubavu wake kwa randa, nikawa naifunika gunia kila mtu akipita. Shemasi Atupele akafunua. Akasema, "Mzee Yesaya, macho ndiyo yamekwisha?" Alipoondoka nilichukua skwea niinyooshe kabisa, yaishe. Kisha nikakata kipande cha sufuria kuukuu ya mama yako, nikakibana kwenye pembe iliyo sawa, nikagonga. Kikarudi. Nikagonga kwa nguvu zote, kikarudi tena, kama kinanicheka.

Ndipo nikamaliza kupiga randa. Digrii tano, wala si nne. Chini nimechonga: Upande kwa makusudi. Yesaya.

Mama yako anadai sufuria.

Baba yako

Chapwa
22 Aprili 2024

Baba mpendwa,
Shikamoo sana. Leo siulizi habari kwanza, nisamehe.

Niligonga taratibu, mwendo mmoja, kuzunguka ukingo wote, bila kurudia mahali. Nilipofungua jiriwa, pindo likarudi kidogo, likasimama. Jumamosi mkaguzi alikuja na tochi na skwea yake. Alizunguka fremu nzima akiipima. Mzee Sebastian alikuwa anafuta mikono ambayo haikuwa na grisi. Mkaguzi akaanza upya, kwa upande mwingine. Mimi nilikuwa natazama mabampa yangu pale kona.

Akazima tochi. Akasema, "Iko sawa. Ifungwe."

Mzee alitoka mbio hadi kwenye foleni ya malori, akawaambia madereva dirisha kwa dirisha. Wengine walikuwa wamelala, akawaamsha. Leo nimepiga ribiti ya kwanza ya kuishikiza fremu. Kiwiliwili ni changu chote.

Fundi wa ndege,
mwanao Gwantwa

Itumba
28 Aprili 2024

Mwanangu fundi,
Marahaba, na marahaba nyingine. Barua yako nimeisoma kanisani leo baada ya matangazo. Mchungaji alinipa dakika mbili, sikumwangalia tena. Atupele aliomba nirudie pale kwenye "ifungwe".

Alhamisi nakuja. Mwambie Mzee Sebastian nataka kuingia humo ndani, nikae, mgongo uiguse hiyo fremu. Najua haina mabawa bado. Mimi sikusema nataka kuruka. Nimesema nataka kukaa.

Baba yako,
Yesaya