Mbeba Mikrofoni

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata kazi! Baba mdogo ndiye msimamizi wa lile jengo linalopanda nyuma ya mtaa wetu, na amenichukua nimsaidie na mkutano wa majirani. Sheria ya mazingira inadai: kabla ya kibali cha jengo la pili, wanaokaa karibu waitwe, waseme kinachowasumbua, na ofisa wa mazingira asikie kwa masikio yake. Nitapeleka mialiko, halafu siku yenyewe nizunguke na mikrofoni. Mimi! Ambaye shuleni nilikuwa naitika "nipo" na mwalimu anaandika sipo. Baba mdogo alicheka. Kaeni pamoja wewe na hiyo mikrofoni, alisema, mmoja wenu atamfundisha mwenzake kusema. Mkutano ukienda vizuri, nabaki ofisini pale mpaka matokeo yangu ya mtihani yatoke. Mama ameimba jikoni jioni nzima.

Jumatano, 5 Juni
Nimegonga milango mpaka vidole vimeuma. Wengi wanauliza kama kutakuwa na soda. Kutakuwa. Mwisho nikafika kwa Mama Sabuni, mfua nguo, ambaye ua wake umepakana na ujenzi. Nilimwamkia, nikampa karatasi, nikageuka.
"Wee binti! Mbona hata hujaniuliza nina nini?"
Akanivuta hadi mfereji wa nyuma. Maji meupe, mazito kama uji. Kila jioni wakiosha mashine ya zege yanakuja huku, yanajipenyeza kisimani mwake. Akanionyesha viganja — vyekundu, ngozi imepasuka kwenye viungo. "Na hii mikono ndiyo ofisi yangu," akasema. Nilisema pole. Sidhani kama alinisikia.

Ijumaa, 7 Juni
Nilimuuliza baba mdogo. Kweli, nilithubutu! Lile shimo la kutulizia maji ya saruji, ambalo limo kwenye masharti ya ujenzi, liko wapi? Akanitazama kana kwamba kiti kimeongea. Litachimbwa kibali kikitoka, akasema, sasa hivi malori yatapita wapi? Halafu akashusha sauti, kwa upole kabisa, na huo upole ndio umeninyima raha: kesho mkutanoni yule wa sabuni nisimfikie na mikrofoni. Nianzie mbele, muda utaisha wenyewe.
"Hatumnyimi mtu, mwanangu. Muda tu."
Nikinyamaza, watu wote huhesabu nimekubali.
Mama naye anasema nisije nikaharibu. Tangu baba aondoke, ni nani mwingine ametushika mkono? Nimejigeuza kitandani mpaka shuka limeanguka.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika nikiwa stoo ya ukumbi, nimekalia kreti la soda. Mapumziko.
Nilianzia mbele. Mwenye duka akasifu jengo. Mwalimu mstaafu akasifu zaidi, kwa hotuba. Kinyozi akaulizia ajira. Mama Sabuni yuko safu ya mwisho, mkono juu tangu mwanzo; ukichoka anaushikilia kwa ule mwingine. Nimempita mara mbili. Mara ya pili alidhani naenda kwake, akasimama, akaiweka sawa kanga yake — nikampa jirani yake. Akakaa. Hata hakunikasirikia! Angenitukana ningepumua.
Ofisa ametangaza: tukirudi, swali moja la mwisho, kisha anaandika kwamba majirani wameridhika. Baba mdogo amepita hapa, kaniinulia kidole gumba.
Betri ya mikrofoni inakufa. Ningeiacha ife tu! Nani angenilaumu? Nimeliwaza hilo. Nimeliwaza kwa muda mrefu, aibu yangu.
Nimeweka mpya. Nikajaribu, moja, mbili — na ukumbi mzima umesikia, mpaka vicheko nimevisikia huku.
Viti vinaburutwa. Baba mdogo anaita: "Binti, njoo, mbele huku!" Stoo ina milango miwili. Ule unaotokea safu ya nyuma una komeo gumu, unataka mikono yote miwili, kwa hiyo kalamu naiacha hapa