Nimebana Suruali za Mume Wangu

Basi dada mshauri, jana niliishia pale mume wangu alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa anaezeka, karatasi ikaniishia, leo nimenunua daftari zima kwa hiyo nivumilie na unisaidie. Alivunjika paja, wakamtia chuma, wiki ya saba hii yuko kitandani, na mimi ni fundi cherehani nikahamishia mashine chumbani, nashona huku namchungulia, akitaka maji namnywesha, akitaka kugeuka namgeuza, majirani wananiita nesi wa mgonjwa mmoja, nami nacheka nao.

Sasa kule hospitali yule dada wa mazoezi alitupa karatasi, asubuhi mchana na jioni akaze mapaja, asukume ubao wa kitanda kwa unyayo, dakika tano tu, lakini siku ya kwanza nilimwona anavyokunja uso nikamwambia, "Acha baba, pumzika, mfupa uunge kwanza," karatasi nikaificha chini ya vitambaa vya wateja. Binti yetu akauliza, "Mama, mbona baba hafanyi mazoezi?" Nikamjibu daktari kakataza. Nilidanganya, mshauri.

Wiki ya tatu suruali ya kulalia ikaanza kumpwaya. Nikachukua utepe nikampima akiwa usingizini, hata lile paja lisilovunjika limepungua inchi mbili. Nikaibana suruali. Ikapwaya tena, nikabana tena, mara tatu sasa, naye anajisifu kwa wageni, "Mke wangu ananitunza, oneni, suruali bado inanikaa." Keshokutwa anaenda kujaribu kusimama, na ameshamwagiza mwenzake amletee nyundo yake. Nimwambie, au nimwache ajionee mwenyewe, maana mimi nilidhani namhurumia, kumbe, ngoja, ananiita, anataka kukaa na hakuna wa kumwinua

*

Mama wa cherehani,

Pole kwa kuuguza, ila hapa sicheki na wewe. Msuli usiopewa kazi hunywea, tena haraka, na zile dakika tano ndizo zilizokuwa za kuuzuia. Ukamnyima, ukampa sindano na uzi. Umempenda, sikatai, lakini umempenda kama mtoto mchanga, na huyo ni mtu wa kupanda mapaa.

Asisimame bila yule dada wa mazoezi kuwa pembeni yake. Kesho nenda kwake, mwambie inchi zote, usimfiche hata moja. Yeye ndiye atakayesema mgonjwa aanzie wapi. Baada ya hapo dakika tano ni dakika tano, akunje uso asikunje, na ukishindwa kutazama, toka nje, mwachie binti yako. Nguvu zitarudi polepole, usimwahidi tarehe.

Akikuita umkalishe, na hospitali wakikuruhusu, mwache ajisukume kwanza kwa mikono yake, wewe shika mgongo tu.

Lakini kabla ya yote, leo, kaa kitandani kwake na hiyo suruali, ufumue mishono yote mitatu akiwa anakutazama. Halafu mvalishe. Aione nafasi iliyobaki, ajue kazi ya kuijaza ni yake.