Mama Alingojea, Mimi Nikashona

Jumanne. Mvua imepiga mabati tangu asubuhi, sasa imekatika. Hasira yangu bado.

Leo nilikuwa na kazi moja tu: kumpeleka mama kwa daktari wa macho saa tatu. Daktari huyo hakai Bukavu. Anakuja siku mbili, anapasua watu macho, anarudi kwao. Jicho la kushoto la mama limekwisha kufungika, la kuume linaona vivuli tu. Tumeingoja siku hii tangu kiangazi.

Saa moja na nusu nilikuwa nimevaa, mwavuli mkononi. Nikapita karibu na machini yangu ya kushona, nikaona kola ya gauni la mteja imekaa vibaya. Nikasema, dakika mbili.

Nilipoinua kichwa ilikuwa saa saba.

Telefone ilikuwa imelia mara tatu kunikumbusha. Nimeizima mimi mwenyewe, kwa kidole changu, na sikumbuki hata mara moja. Kola imetoka nzuri sana. Nilitaka kuichana.

Nilikimbia mpaka Muhumba, nyumbani kwa mama. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, kitambaa cha Misa kichwani, fishi, karatasi yake ya hospitali, magotini. Dada yangu mkubwa, Furaha, alikuwa ametoka kazini baada ya kusikia kwamba sikufika.

"Weye haumupende mama," akaniambia. "Mutu mwenye anapenda mama yake hawezi kumusahau juu ya kola."

 Daktari wa akili alikwisha kunieleza kwamba hali yangu ina jina, na kwamba watu wazima wengi wako kama mimi na hawajui. Si kwamba sina umakini. Ninao mwingi, ila siuamrishi. Ukishika kitu hauachii, na saa inapita kama haipo. Nilipomweleza Furaha, alisema huo ni uvivu wenye jina la Kifaransa.

Mvivu gani anashona kwa muda wa saa tano bila kunywa maji?

Kisha mama akasema, polepole, "Furaha, acha. Huyu tangu mutoto nilikuwa namuita mara tano, anabakia kimya. Nilizani ni kiburi." Akanitafuta kwa mkono, akanishika bega. "Nilikupiga bure, mutoto yangu."

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli. Si kwa mama. Kwa walimu walionipigisha magoti mbele ya darasa, kwa miaka yote niliyoishi nikiamini kwamba mimi ni mtu mbaya.

Na jicho la mama bado halijapasuliwa. Maelezo yote ya daktari wangu hayalifungui.

Nilienda hospitalini, nimelowa. Muuguzi wa mapokezi alisema orodha ya kesho imejaa. Tuje saa kumi na mbili asubuhi, labda mtu atakosa. Hakuahidi kitu.

Nimebaki Muhumba. Naandika kwenye telefone, mama anachambua maharagwe kwa vidole. Machini iko kwangu, mbali, na nimeapa sitapita huko.

Nilimwambia Furaha, "Kesho usinipigie. Ukuje, unishike mukono, unitoe ndani ya nyumba."

Akaniangalia sana. "Nitakuja. Juu ya mama, hapana juu yako."

Sawa. Aniburute akitaka. Saa kumi na mbili mama atakuwa wa kwanza mlangoni mwa daktari, na mimi kando yake, nimenuna, lakini nipo.