Pengo la Mzinga wa Nane

Jumanne, 4 Machi. Ukungu asubuhi, umeondoka saa tatu.

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za mjini na kazi? Sisi wazima, isipokuwa goti la shemeji yako, linalomsumbua kila akichuchumaa.

Jana alfajiri tembo watatu waliingia shambani. Unaujua uzio wetu: waya mmoja kuzunguka shamba, na mizinga kumi na miwili ya nyuki ikining'inia juu yake. Tembo akiugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anarudi alikotoka. Umetulinda miaka minne. Safari hii mzinga wa nane ulikuwa mtupu. Nyuki walihama bila kuaga. Tembo wameuponda, wamekata waya na kula mistari kumi na tisa ya mahindi. Nimehesabu mara mbili.

Wewe ni karani wa ofisi ya wanyamapori. Tufanye nini tuingie kwenye orodha ya wanaojengewa uzio wa umeme? Shemeji yako anataka kuziba pengo leo leo. Nimemwambia asubiri jibu lako.

Dada yako


Jumatatu, 10 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe shemeji pole ya shamba na ya goti.

Afadhali mmeniuliza kabla ya kugusa. Sehemu ya kwanza ya fomu inasema wazi: palipoharibiwa pabaki kama palivyo mpaka afisa aje kupima. Juzi juzi kuna mzee alifunga waya wake siku ile ile. Afisa akakuta uzio mzima, akaandika "hakuna uharibifu", na jina lake likaondolewa. Kwa hiyo msizibe. Msiokote hata gunzi. Afisa atafika ndani ya wiki moja.

Kesho natumwa kambini, hifadhini. Nitarudi mwisho wa mwezi.

Mdogo wako


Jumapili, 16 Machi. Manyunyu tangu alfajiri.

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Yako niliisoma kwa sauti mezani. Shemeji yako akacheka: "Kumbe tembo anapigwa picha ya pasipoti! Mwambie shemeji asisahau kumchana nywele."

Jana hakucheka. Nilimkuta na koleo na kipande cha waya, anaelekea kwenye pengo.

"Mke wangu, ule ni mlango," akasema.

"Na orodha?"

"Orodha haifukuzi tembo."

Nikamnyang'anya koleo, nikalificha chini ya kitanda, upande wangu. Tangu hapo hanisemeshi, ingawa chai yangu anakunywa.

Nyayo zinaanza kufutika kwa mvua. Nimezifunikia mabeseni. Afisa bado.

Dada yako


Jumamosi, 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimerudi jana jioni, nimeikuta barua yako moja tu. Afisa alichelewa kwa sababu gari lilikuwa bovu, lakini atafika Alhamisi bila kukosa. Nimeliona jina lenu kwenye ratiba kwa macho yangu. Mwambie shemeji avumilie siku hizi chache, na wewe mrudishie koleo lake, mzee wa watu asije akakususia na chai.

Mdogo wako


Ijumaa, 4 Aprili. Anga safi, umande mwingi.

Mdogo wangu,

Barua yako imefika siku ya tano baada ya kumzika shemeji yako. Tulipiga simu ofisini kwenu mara mbili, tukajibiwa kwamba uko kambini. Naona hakuna aliyekuachia ujumbe.

Nakuandikia kama nilivyoandika kwenye daftari langu. Alhamisi, 27 Machi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, tembo mmoja aliingia kwa lile pengo. Shemeji yako alitoka na debe lake, akalipiga kama siku zote. Tembo akageuka kurudi alikoingilia. Shemeji yako alikuwa amesimama pale pale, kwenye pengo. Goti halikumruhusu kuruka pembeni. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeona.

Afisa alifika jana. Kijana mpole, alivua kofia. Alipima pengo: hatua sita. Alinisifia kwa mabeseni. Kisha akafungua ukurasa wa tatu wa fomu. Sijui kama uliwahi kufika huko. Swali linasema: "Je, mlalamikaji alikuwa akiutunza uzio wake?" Akaniuliza pengo lina muda gani. Nikamwambia siku thelathini na moja. Akauliza kwa nini hatukuliziba.

Barua yako ilikuwa ndani ya daftari, mkononi mwangu. Ningemwonyesha, leo usingekuwa na kazi. Nikamjibu kwamba tulizembea. Akaandika "Hapana", nikatia sahihi. Kwenye orodha hatumo.

Usije kuniomba msamaha. Koleo nililificha mimi. Njoo tu, tukae.

Leo nimeufunga waya mwenyewe, na kutundika mzinga mpya. Bado hauna nyuki.

Nazima taa, saa mbili kamili usiku. Nalala upande wake.

Dada yako