Siku ya Makaburi Nilikuwa Jikoni

Dada Mkawasi,

Nakuandikia kwenye meza ile ile uliyoilalamikia kwamba ina mguu mmoja mfupi. Bado ni mfupi. Kile kipande cha boksi ulichokikunja ukakisukuma chini yake kingalipo, na Grace wangu anajua kwamba akikigusa tutakosana. Huko nje watu wa soko la Walthamstow wanafunga, nasikia vyuma vya vibanda vikitupwa ndani ya magari, na mimi nimejipikia chai ili nipate sababu ya kukaa. Nina jambo la kukueleza. Nilikosea, dada. Nianze hapo hapo, maana hukuwa na subira na mtu anayezunguka zunguka.

Ni miezi tisa sasa tangu tukuzike. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Tunazungumza kila Jumapili jioni, na ananipa habari za mvua, za mbuzi, za padre mpya anayehubiri mpaka wanakwaya wanasinzia. Ananieleza yote hayo kwa adabu, kama anavyozungumza na mgeni. Kisha, kabla hajakata simu, huniuliza neno lile lile kila wiki: "Na Mkawasi, nani yuko naye?"

Unajua kwa nini ananiuliza mimi. Nyumbani walikuwa wameshakata majani mahali pako, kando ya kaburi la Baba, na mimi ndiye niliyetia sahihi uzikwe huko Ayalandi, ulikokuwa ukitunza wazee. Ulinishika mkono pale hospitali ukasema, "Wakio, hawa wazee nimewaosha, nimewalisha, nimewasindikiza makaburini mmoja mmoja. Waache na wao wanizike." Ulikuwa na akili zako zote. Hukuniachia mkono mpaka nilipoitikia. Nikatimiza, na mbele ya watu sijawahi kuonyesha kwamba najuta. Lakini nikiwa peke yangu kwenye basi la kwenda kazini nimejuta mara nyingi, sitakuficha.

Kilichomuumiza Mama zaidi ni ile kamera ya kanisani kwenu. Miaka yote ile ndiyo iliyotuunganisha, mimi huku London na yeye kule Taita, sote tukifuatilia Misa ya parokia yako kwenye simu na kukutazama kisogo. Wenyeji wote walikuwa wakijazana mabenchi ya nyuma, wanaume wakasimama mlangoni kama watu wanaosubiri mvua ipungue, na wewe uko mbele kabisa peke yako na kilemba chako. Ulituambia ulikaa pale ili tukuone. Kila wakati wa kupeana amani uligeuka, ukatazama juu kwenye kamera, ukatupungia vidole viwili. Mama naye alikuwa akiipungia simu: "Nimekuona, mwanangu."

Sasa siku ya mazishi kamera hiyo hiyo ilionyesha jeneza likitoka mlangoni, likakata kushoto, likapotea. Makaburi yako nyuma ya kanisa, na kamera haifiki huko. Mama akabaki akitazama mabenchi. Nilimpelekea picha baadaye, akanijibu kwamba udongo hata kwake upo.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia watu walivyopanga mstari kunishika mkono, kijiji kizima, kila mmoja akisema pole kwa maneno yale yale na sauti ya chini ile ile, mpaka vidole vikaniuma. Nilimwambia kaburi lako lilichimbwa na majirani wenyewe, kwa koleo, wakakataa kabisa mashine. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Siku ya kuzika watu hujaa kokote," akasema. "Mimi nauliza ya baadaye."

Ya baadaye ningeyajulia wapi, dada? Nilikutembelea mara mbili tu, ya pili ukiwa hospitali. Mara ya kwanza ilikuwa ile zamu yako ya Misa ya nyumbani, ukanipokea na brashi ya rangi mkononi. Uliniambia hata hawa watu wana jumuiya kama zetu, Misa inazunguka nyumba hadi nyumba, ila wao lazima wapake ukuta rangi kwanza, usipopaka utasemwa mpaka Pasaka. Tukapaka hadi mgongo ukanikata. Ukawapikia kimanga cha viazi vyao, ukakiponda na maharagwe kama kwetu, na padre yule mzee anayehudumia parokia tatu akala sahani mbili halafu akauliza ni nini.

Siku hiyo ndipo nilipomjua Nora, jirani yako. Mjane wa miaka themanini na kitu, mfupi, na koti lake la buluu la kwenda kanisani. Yeye alikufundisha mkate wao wa magadi, wewe ukamfundisha chapati, na hakuna aliyefaulu. Ni yeye aliyenisimulia habari za kikundi chao cha rozari. Walikuwa wamebaki wanawake watano na wakakubaliana wakivunje, maana kanisa lina baridi na wengine wote wamekufa. Wewe ukawaambia rozari ina mafungu matano, kila mmoja alibebe lake, tatizo liko wapi? Wakaendelea. Kila Jumatano ukawafunza fungu moja kwa Kiswahili, mkacheka mbele ya Sakramenti Takatifu kama wasichana wa bweni. Na kila aliyekata tamaa ulimwambia "Jipe moyo," hukumtafsiria, na akaelewa.

Ulinialika, hilo siwezi kulikana. Kiangazi kile cha mwisho ulinipigia simu ukiwa na furaha, ukasema, "Njoo mwakani siku ya makaburi, Wakio, uone." Ukanieleza kwamba siku hiyo kila familia husimama kwenye kaburi la watu wake, wengine wanapanda ndege kwa ajili hiyo tu, na padre hupita mstari kwa mstari na maji ya baraka. Kaburi lisilo na mtu, ukasema, linaonekana tokea getini. Nikakuambia nitakuja, huku nikikaanga vitunguu. Sikuuliza ni lini. Mkatoliki gani anauliza? Tangu tuko wadogo marehemu ni Novemba: unabeba jembe, unapalilia kaburi la Babu, padre anakuja kulibariki, mnarudi nyumbani na matope miguuni. Kwa hiyo Januari mwaka huu nikaomba kazini likizo ya wiki ya kwanza ya Novemba, nikanunua na tiketi. Nikamwambia Mama, "Novemba mimi nitakuwa naye." Nilijisifu, kusema kweli.

Basi Jumapili ile ya Julai nilikuwa jikoni, nasukuma chapati. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, Misa yenu inaendelea. Niliona kanisa limejaa, hata benchi la mbele limejaa, na watu wamepakata maua, nikadhani labda kuna ubatizo. Padre akamaliza. Halafu, badala ya kuwaaga, akasema sasa tutoke, kila mtu aende kwa watu wake, tukabariki makaburi.

Kwenu ni Julai, dada. Nora alinieleza baadaye kwamba ni kwa sababu ya hali ya hewa, maana Novemba nusu ya parokia ingesimama pale na kuwafuata marehemu wao.

Nilimpigia Nora. Simu imezimwa, na ni haki yake, alikuwa Misani. Nikapiga tena hivyo hivyo, kama mjinga. Chapati ikaungua mpaka king'ora cha moshi kikalia, Grace akaja mbio na taulo. Nikamweleza. "It's fine, Mum," akaniambia, "somebody will be there with Auntie." Nikamuuliza ni nani, kila mtu si ana wake? Akazima jiko, akakaa kwenye kiti.

Watu walitoka wote, kamera ikabaki na mabenchi matupu, sawasawa na siku ile ya mazishi. Lakini padre alikuwa hajazima kipaza sauti chake. Nikasikia viatu kwenye kokoto, upepo, na majina. Alikuwa anataja kila kaburi anapolifikia, mstari kwa mstari. Nilisimama nikisubiri lako na unga mikononi. Lilipofika alilitamka vibaya kama kawaida yake, kisha pakawa kimya. Kimya hicho kilikuwa cha nini, sikuweza kujua. Halafu akataja jina lililofuata. Nikalia, Mkawasi. Nilikuwa nimekuacha peke yako mbele ya parokia nzima, katika siku moja ya mwaka ambayo wanatazama.

Alasiri ikaja video kutoka kwa mkwe wa Nora.

Nakuambia nilichokiona ingawa huenda unakijua. Kaburi lako limepaliliwa, limewekwa maua ya bustanini kwenye chupa ya jamu. Nora yuko hapo na fimbo yake na koti la buluu. Pembeni yake wale wanne wengine wa rozari, wote, na kila mmoja wao ana wafu wake pale. Mume wa Nora amelala mistari mitatu chini yako. Kwenye video anaonekana mwanawe, amesimama huko peke yake na kofia mkononi. Padre anapita, ananyunyiza maji, anaendelea. Ndipo Nora anakohoa kidogo na kuanza, kwa lafudhi ile uliyoshindwa kuinyoosha: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe." Akasonga nayo polepole, wenzake wakimfuata, mpaka "na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa." Hapo video ikakatika. Nadhani mkwewe alifikiri sala imekwisha.

Chini yake Nora alikuwa ameagiza niandikiwe kwamba walishakubaliana tangu mazishini, siku hiyo watano wote watasimama kwako. Hawakunieleza kwa sababu hawakuona kama ni jambo la kueleza. Na mwishoni, Jipe moyo.

Jioni nikampigia Mama kwa video. Sikumngoja aanze na mvua. Nilimwambia kwanza kosa langu, kwamba siku imepita na mimi nilikuwa jikoni London, na uso wake ukajifunga kabisa. Kisha nikaweka simu ya Grace mbele ya simu yangu ili aone.

Video ilipokatika nikanyoosha mkono kuizima, na ndipo nikamsikia. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Alikuwa anamwitikia, dada. Nora ameanza, Mama anaitikia, kama walivyo wanajumuiya wa nyumba mbili zinazopakana. Nilimkuta njiani, kwenye "sasa na saa ya kufa kwetu," na Grace akasema amina yake kutoka mlangoni, kwa nguvu kuliko sisi.

Mama akafuta macho kwa pembe ya leso. "Huyo mama hana mume?"

Nikamwambia mumewe ni yule kule chini, pale aliposimama yule mwanamume mwenye kofia.

"Kwa hiyo amemwacha mumewe akaja kwa mtoto wangu." Akaisogelea simu. "Rudisha."

Nikarudisha. Tuliitazama mara nne, na mara zote nne aliitikia mpaka mwisho.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Jumapili iliyofuata alinipa habari za mvua, za mbuzi, na za padre, ambaye sasa wanakwaya wameanza kumkoholea. Nilikuwa nimeshikilia simu nikingoja lile swali lake. Likafika lenyewe, pale pale mwishoni. "Na Nora," akasema, "magoti yake yanaendeleaje?"

Nikamwambia arudie, nikidhani sijasikia vizuri. Alicheka, Mkawasi. Mama alinicheka mimi, kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Kwa hiyo hapo ndipo tulipo. Mama ameshafunga majani ya chai kwa ajili ya Nora, anatafuta mtu wa kuyabeba. Mimi nimeomba likizo ya Julai ijayo, jina langu ni la kwanza kwenye karatasi, na safari hii nimeuliza tarehe mara tatu. Nakuahidi nitakuwa juu ya kaburi lako kabla padre hajafika, na Nora atateremka mistari mitatu akasimame na mumewe. Lile fungu la Kiswahili nitaanza mimi, na Mama ataitikia kwenye simu.

Tiketi ya Novemba hairudishwi, nitaitumia. Lala salama, dada yangu. Na ukiona mtu amesimama juu yako peke yake na mwavuli, katika mwezi ambao hakuna mwenye akili anayekuja huko, usinicheke sana.

Mdogo wako,
Wakio